Neno la Kiingereza "company" si kampuni kila mahali: kampuni, kampani, kombania na mengine tunayoyasahau

Mleta mada:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nafungua uzi huu kwa sababu kuna neno moja la Kiingereza ambalo linazidi kutafsiriwa ovyo katika maandishi yanayopita chini ya filamu, katika vitabu vinavyofasiriwa kwa haraka na hata katika habari za kimataifa zinazosomwa redioni. Neno lenyewe ni "company". Kila linapotokea, mfasiri huandika "kampuni" na kuendelea na safari yake, kwa hiyo tunaletewa habari za kampuni ya askari 150 iliyovuka mto usiku, kampuni ya wazima moto iliyofika kwenye jengo linaloungua, na bibi kizee anayesema kwamba jioni hiyo anatarajia kampuni. Msomaji asiyejua Kiingereza ana haki kabisa ya kujiuliza bibi huyo amesajili biashara gani.

Ninachotaka kusema ni kwamba neno hili, tangu asili yake, linahusu watu walio pamoja, na biashara ni tawi lililochipuka baadaye sana, ingawa tawi hilo limenenepa hata likaficha shina. Tena Kiswahili, bila kikao wala azimio la mtu yeyote, kimekwisha kuligawa neno hili katika sura tatu zinazotofautiana kwa maana: kampuni ya biashara, kombania ya jeshi, na kampani ile ya "njoo unipe kampani". Waingereza wenyewe hubeba yote matatu katika neno moja na kuacha muktadha ufanye kazi ya kutofautisha. Sisi tunayo maneno tayari, ila tunashindwa kuyatumia tunapotafsiri.

Tuanze na shina. Neno hili limeingia Kiingereza kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini cha zama za mwisho za Warumi. Kilatini hicho kiliunganisha "cum", yaani "pamoja na", na "panis", yaani "mkate", na hivyo "companio" akawa mtu mnayekula naye mkate mmoja. Neno hilo linaonekana katika sheria za Wafaranki, watu wa jamii ya Kijerumani waliotawala nchi ya Ufaransa ya leo, za karne ya 6, mahali panapozungumziwa mtu aliyeuawa akiwa vitani kati ya wenzake. Wataalamu wengi wanaliona kuwa nakala ya neno la Kijerumani cha kale, kwa sababu Wagothi, watu wengine wa jamii hiyo ya Kijerumani, walikuwa nalo lililoundwa kwa namna ile ile: "gahlaiba", mwenye mkate mmoja nawe. Katika Biblia ya Kigothi ya karne ya 4, pale Tomaso anapozungumza na wanafunzi wenzake kwenye Yohana 11:16, neno lililotumika kwa hao wenzake ni hilo hilo la mkate.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani zinaeleza "kula bia" kuwa ni watu kuchangiana gharama na kula chakula kimoja. Bia hapo haina uhusiano wowote na ile inayotoka kiwandani. Kutokana na bia hiyo tunapata "ubia" na "mbia", maneno ambayo leo yanakaa katika mikataba mizito ya mabilioni na katika sheria za Tanzania zinazozungumzia ubia baina ya sekta ya umma na sekta binafsi. Kwa hiyo wakili anayeandika "wabia" katika hati yake anatumia, bila kujua, picha ile ile iliyomo ndani ya neno la Kilatini: watu wanaochanga na kula pamoja. Sijui lugha nyingi ambazo zimefika mahali pamoja kwa njia zilizotengana namna hiyo.

Baada ya shina, matawi. Kwa karne kadhaa katika Kiingereza neno hili lilimaanisha kundi lolote la watu waliokusanyika kwa jambo fulani: wasafiri, wapiganaji, wageni wa karamu, mafundi wa kazi moja. Maana hiyo ya mafundi bado ipo London mpaka leo, nayo ndiyo inayowachanganya watu wengi. Jijini humo kuna vyama vya kale vya ufundi na biashara zaidi ya 110, ambavyo kila kimoja hujiita "company" ingawa si kampuni ya kuuza kitu chochote. Vilikuwa vikisimamia viwango vya kazi, mafunzo ya wanagenzi na haki ya kufanya biashara mjini. Mpangilio wao wa heshima uliwekwa mwaka 1515, na wa kwanza ni wauzaji wa vitambaa vya thamani. Washonaji na wafanyabiashara wa ngozi za manyoya waligombania nafasi kwa ukali hata meya akalazimika kuamua mwaka 1484 kwamba watapokezana nafasi ya sita na ya saba kila mwaka, nao wanapokezana hivyo hata sasa. Chama cha mafundi dhahabu hupima dhahabu na fedha katika ukumbi wake, na ile alama inayopigwa kwenye pete ya dhahabu ilipata jina lake la Kiingereza kutokana na ukumbi huo. Kuviita vyama hivi "kampuni" ni kuvivika nguo isiyo yao. "Chama cha mafundi" au "chama cha wafanyabiashara" ndiyo tafsiri yake.

Tawi la biashara tunalolijua lilianza kukua pale wafanyabiashara wa aina hiyo walipoanza kuunganisha mitaji yao badala ya kuunganisha kanuni tu. Mwanzoni kila mwanachama alifanya biashara kwa mali yake mwenyewe chini ya kanuni za wote. Safari za mbali zilipokuwa na gharama na hatari kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja, fedha zikatiwa katika mfuko mmoja, na kila mmoja akapata hisa kulingana na alichotoa. Waingereza waliokwenda kufanya biashara Urusi walipata hati yao mwaka 1555, na wale wa India ya Mashariki walipewa hati na Malkia Elizabeth wa Kwanza tarehe 31 Desemba 1600. Hata hao wa India, katika miaka yao ya mwanzo, walichanga fedha kwa kila safari na kugawana faida merikebu ziliporudi, kisha wakaanza mchango mwingine. Yaani bado ilikuwa kula bia, ila sinia lilikuwa kubwa mno.

Geuko kubwa limekuja katika karne ya 19, na hapa ndipo neno lilipoachana na watu wake. Uingereza iliweka usajili wa kampuni mwaka 1844 na kikomo cha dhima, yaani mwenye hisa asidaiwe zaidi ya mtaji wake, mwaka 1855, na sheria ya mwaka 1862 ikataka watu wasiopungua saba ili kampuni iundwe. Bwana mmoja wa London, mtengeneza viatu aliyeitwa Aron Salomon, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni ya namna hiyo. Hisa zilizotolewa zilikuwa 20,007. Yeye alichukua 20,001, na sita zilizobaki wakapewa mkewe, binti yake na wanawe wanne, mmoja mmoja, ili idadi ya saba itimie. Biashara ilipoanguka, mfilisi alidai kwamba kampuni hiyo ilikuwa kivuli cha Salomon mwenyewe na kwamba alipe madeni kutoka mfukoni mwake. Mahakama za chini zilikubaliana na mfilisi. Mwaka 1896 Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likawapindua kwa kauli moja: kampuni ni mtu wake kisheria, na madeni yake si ya wenye hisa. Wanasheria huinukuu kesi hiyo kwa mwaka 1897, kwa sababu ndipo ilipochapishwa katika ripoti za kesi, na mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huisoma mapema katika somo la sheria ya kampuni.

Tazameni mahali neno lilipofika. Lilianza kwa watu kuketi na kumega mkate, likaishia kwa mtu asiye na mdomo wa kulia. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inamruhusu mtu mmoja peke yake kuunda kampuni, jambo ambalo Mrumi wa kale asingeweza kulielewa, kwani angeuliza huyo mtu anakula mkate na nani.

Nimeandika kwa urefu kuhusu biashara kwa sababu ndiko penye historia nzito. Matumizi mengine nayaachia maswali yenu.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante, mleta mada. Mimi nilipita Jeshi la Kujenga Taifa, na ninathibitisha kwamba kule hakuna anayesema kampuni. Unapangiwa kombania, kombania ina platuni zake, na platuni ina seksheni zake. Kijana akiulizwa yuko wapi, hutaja herufi ya kombania yake. Ningependa ueleze vizuri ukubwa wa kundi hilo katika majeshi ya nje, kwa sababu katika filamu za vita mara tunaambiwa "kikosi", mara "kampuni", mara "jeshi", hata mtu hajui kama waliokufa ni kumi au elfu kumi.

Mleta mada:

Nashukuru kwa ushahidi huo. Katika majeshi mengi yanayofuata mpangilio wa Kiingereza au wa Kimarekani, kombania ni askari kama 100 hadi 200, chini ya kapteni au meja, yenye platuni tatu au nne. Kombania kadhaa zikiunganishwa hupatikana batalioni. Kwa hiyo mfasiri akiandika "jeshi zima" amezidisha mno, na akiandika "kikosi" hajakosea, ila ameacha neno linaloeleza ukubwa. Askari wa utawala wa Kijerumani katika nchi iliyokuja kuwa Tanganyika nao walipangwa hivyo hivyo: vita vya mwaka 1914 vilipoanza, jeshi hilo lilikuwa na kombania 14 za uwanjani, na historia yoyote ya vita vile inayoziita "kampuni 14 za Kijerumani" inamfanya msomaji afikirie mashamba ya katani.

Hilo la wazima moto nililolitaja juu linatokana na Marekani. Kabla ya miji kuwa na idara za zimamoto, majirani waliungana kwa hiari, wakanunua ndoo na ngazi, wakaahidiana kusaidiana. Benjamin Franklin alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa namna hiyo Philadelphia mwaka 1736, na walijiita "company" kwa maana ile ya zamani ya watu walioshikamana. Umoja huo wa hiari ulipopokewa na serikali za miji, jina lilibaki. Leo katika idara ya zimamoto ya New York neno hilo lina maana ya kikundi kimoja chenye gari lake na ofisa wake, kikiwa cha gari la maji au cha gari la ngazi. Ningeandika "kikundi cha zimamoto" na kumaliza.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni wa Mombasa, na nina swali. Waliotutawala kabla ya serikali ya Uingereza waliitwa kampuni ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Je, hao ni kampuni kwa maana ipi, ilhali walikuwa na askari, walitoza ushuru na walipiga sarafu?

Mleta mada:

Swali zuri sana. Hao ni kampuni kwa maana ya biashara kabisa, yenye wanahisa waliotarajia gawio. Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, ndiye aliyeiongoza. Hati yake ya kifalme ilitolewa mwaka 1888, na ndiyo maana rupia zilizopigwa kwa ajili yake zina mwaka huo na jina la Mombasa. Lakini hati iliipa pia mamlaka ya kutawala. Kapteni Lugard alipofika Kampala mwezi Desemba 1890 na kumwekea Kabaka Mwanga mkataba mbele yake, alikuwa mtumishi wa kampuni, si wa Malkia. Faida haikuonekana, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo hilo kuwa nchi lindwa.

Upande wa pili wa mpaka Wajerumani nao walikuwa na ya kwao, iliyoanzishwa na Carl Peters na wenzake na kupewa hati ya ulinzi ya Kaisari mwezi Februari 1885. Ilipojaribu kusimamisha utawala wake mwambao mwaka 1888, watu wa Pangani na miji mingine walisimama dhidi yake, Abushiri bin Salim akiwa mmoja wa viongozi wao wakuu, na kampuni ikashindwa kabisa kusimama bila majeshi ya serikali, ambayo yalichukua utawala rasmi mwaka 1891. Neno la Kijerumani lililomo katika jina lake ni "Gesellschaft", ambalo lina maana ya kampuni, ya jamii na ya kuwa pamoja na watu, yote mara moja. Shina lake ni mtu mnayekaa naye ukumbi mmoja. Kumbe Mlatini alihesabu mwenzake kwa mkate na Mjerumani kwa ukumbi, ila wote wawili walitua kwenye ofisi yenye wanahisa.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimesoma uzi huu kwa furaha, isipokuwa naomba tusipite bila kusema jambo moja. Wingi wa kampuni ni kampuni. Ngeli yake ni i-/zi-: kampuni imefungwa, kampuni zimefungwa. "Makampuni" ni ukubwa usio na sababu.

Mleta mada:

Mwalimu, kwa upande wa kamusi uko sahihi, na ndiyo maana katika uzi huu nimeandika "kampuni" kwa umoja na kwa wingi. Hata hivyo naona "makampuni" katika magazeti kila wiki, tena kwa waandishi wanaojua kazi yao, na sidhani kwamba ni uzembe tu. Kiambishi ma- kimekuwa kikivuta maneno mengi ya kigeni, hasa yanapotaja vitu kwa jumla, kama tunavyosikia "mameneja" na "madereva". Mimi ningemsahihisha mwanafunzi katika mtihani, lakini nisingemsahihisha mzee kijiweni.

Ningependa kuongeza jambo kuhusu "shirika", kwa kuwa linaelekeana na mada. Katika Kiarabu "sharika" ndilo neno la kawaida la kampuni ya biashara, na Mswahili aliyeko Muscat au Dubai huliona kwenye mabango kila siku. Kwetu Tanzania neno hilo lilielekea upande mwingine: baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, benki, bima na viwanda vilipotaifishwa, shirika likawa jina la chombo cha umma, na kampuni ikabaki kwa watu binafsi. Kwa hiyo mfasiri anayegeuza "company" kuwa "shirika" anampa msomaji wa Tanzania dhana ya serikali ambayo haimo katika matini. Katika Kanisa Katoliki shirika lina maana nyingine tena, ya watawa, na hapo linaafiki vizuri: Wajesuiti, walioidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1540, huitwa kwa Kihispania na Kifaransa kwa neno la mkate tulilolijadili, ilhali Kiingereza kimechagua neno la jamii.

Mchangiaji wa nne:

Kwa kuwa umegusa kanisa: kwenye 1 Wakorintho 15:33 Biblia yetu ya muungano inasema mazungumzo mabaya huharibu tabia njema, lakini Biblia za Kiingereza za siku hizi zinasema ni "bad company". Ipi imepotoka?

Mleta mada:

Hakuna iliyopotoka. Neno la Kigiriki lililopo hapo lina maana ya kuchangamana na watu na pia ya mazungumzo yenu mkiwa pamoja, na Waingereza wa mwaka 1611 nao walichagua upande wa maneno. Ila mtu akitafsiri kutoka Kiingereza kipya, asije akaandika "kampuni mbaya". "Marafiki wabaya" au "kuandamana na watu wabaya" inatosha. Vijana wangesema "kampani mbaya", na kwa mazungumzo yao ni sahihi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi waliyoipa kampani katika Kiswahili.

Mchangiaji wa tano:

Mimi natafsiri filamu kwa malipo kidogo na muda mfupi. Nipe njia ya kutambua haraka, maana siwezi kusoma historia ya Wafaranki kwa kila mstari.

Mleta mada:

Tazama kama neno limetanguliwa na kineno "a" au "the". Likikaa peke yake, bila "a" wala "the", karibu kila mara ni la watu na si la biashara: "we have company" ni "tumepata wageni", na katika filamu ya mapigano ni "tumeingiliwa" au "wanatufuata". Likiwa na kitenzi cha kutunza, yaani "keep", ni kukaa na mtu asiwe mpweke, na likiwa na "part" ni kuachana njiani au kutofautiana kimawazo. Mtu akiambiwa kwamba yumo "in good company", anaambiwa kwamba hayuko peke yake katika jambo hilo, na kwamba walio naye si watu wa kudharauliwa. Msemaji akiwatukana wanasheria wote kisha akaongeza "present company excepted", anawatoa waliopo hapo: "sisemi ninyi mlio hapa". Merikebuni neno hilo ni mabaharia wote pamoja na maofisa wao. Kwenye tamthilia ni kundi la waigizaji, ingawa huko pana mchanganyiko wa kweli, kwa sababu kundi la Shakespeare lililoundwa mwaka 1594 lilikuwa na waigizaji wenye hisa, naye akiwa mmoja wao, kwa hiyo lilikuwa kundi na kampuni kwa wakati mmoja. Na katika filamu za ujasusi za Kimarekani, "the Company" yenye herufi kubwa huwa ni jina la mzaha la CIA; hapo andika "Kampuni" kwa herufi kubwa, mzaha utaeleweka.

Mwisho, ile "& Co." inayofuata jina la mtu kwenye bango la duka la zamani maana yake ni "na wenzake". Bwana Salomon aliiweka kwenye jina la kampuni yake, na wenzake walikuwa mke na watoto.

Mchangiaji wa tano:

Nimeelewa. Ninayo sentensi moja iliyonikwamisha tangu jana: mwanamume anamkuta mwanamke ameketi peke yake kwenye benchi, anamwuliza "Would you like some company?"

Mleta mada:

Andika "Naweza kukaa nawe kidogo?" Usiandike kampani, kwa kuwa mwanamume huyo hajamfahamu, na kwa Kiswahili neno hilo lingekuwa limevuka mpaka kabla hajakaa.